Kabla ya kuilaumu lenzi, ikuze picha kwanza

Vijana wanaoniletea kamera studio hapa Mtwara mjini huanza hivihivi: "Dada, lenzi hii haina ukali." Wengine wameshauliza na bei ya nyingine. Mimi huomba kadi. Naikuza picha hadi asilimia 100 kwenye kompyuta, kisha natafuta kama kuna mahali popote palipotoka sawasawa. Nikishapaona, au nikipakosa, nimejua pa kuanzia, na mara nyingi lenzi haihusiki.

Bibi harusi kafifia, lakini maua ya ukumbini nyuma yake unaweza kuyahesabu petali? Fokasi, yaani pale lenzi ilipolenga ukali, ilishika nyuma. Lenzi huweka sawasawa umbali mmoja tu. Nukta ya kitu kilicho mbele au nyuma ya hapo hufika kwenye sensa (kile kibamba kinachonasa picha ndani ya kamera) ikiwa imetanuka na kuwa kiduara. Kiduara kikiwa kidogo sana jicho halikitambui, ndiyo maana huwa tunapata nafasi kidogo ya ziada mbele na nyuma. Nafasi hiyo hupungua ukifungua apecha (tundu la lenzi linalopitisha mwanga), ukimsogelea mtu, au ukitumia lenzi ndefu, ile ya kuvuta mbali.

Chukua lenzi ya 50mm kwenye kamera ya fremu kamili (yenye sensa kubwa kama filamu ya 35mm), mtu akiwa mita 2 kutoka kwako. Kwa f/1.8 (namba ya f ikiwa ndogo, apecha imefunguka zaidi) una kama sentimita 17 zenye ukali. Kwa f/8 zinafika kama 80. Sasa msogelee hadi mita 1 ukiwa bado kwenye f/1.8: zinabaki sentimita 4 hivi. Jicho likiwa kali, sikio limeshapotea, na ncha ya pua nayo inaaga. Kwa hiyo ukienda Newala na bibi mwenye nembo, zile chale za urembo, usoni akakubali kukaa barazani umpige, usiringe na f/1.8. Weka f/4, kaa kama mita moja na nusu, nukta ya fokasi iwe kwenye jicho lililo karibu nawe. Uso wote utaingia, na nembo zote zitasomeka. Nukta hiyo ichague mwenyewe. Kamera ikiachiwa ichague hupenda kilicho karibu, na barazani kilicho karibu huweza kuwa goti. Kama kamera yako inatambua macho, washa hiyo huduma. Ile tabia ya kufokasi katikati halafu kuizungusha kamera upange picha inakula ukali ukiwa karibu na apecha imefunguka, kwa sababu ukiizungusha tu, umbali umebadilika.

Vinyago vya mpingo vina vituko vyao. Autofokasi, yaani kamera ikijifokasi yenyewe, inatafuta tofauti ya giza na mwanga, na mgongo mweusi uliosuguliwa hadi ukang'aa hauipi kitu cha kushika. Utaisikia lenzi inakwenda mbele, inarudi nyuma, inakwenda tena. Iokoe kwa kuilenga kwenye mikwaruzo ya patasi au ukingo unaopigwa na mwanga. Ikigoma, zima autofokasi, kuza picha kwenye kioo cha nyuma, uzungushe pete kwa mkono. Kinyago cha ujamaa, kile cha watu waliobebana kuzunguka gogo, kina kina kirefu: kiweke kwenye f/11 na kamera juu ya stendi. Ukipita f/16 mwanga unaanza kutawanyika kwenye kitundu chembamba na picha nzima inalegea.

Kama hakuna kilichotoka kali popote, na kila kitu kimeburutwa upande mmoja, mkono umetikisika. Kwa 50mm kasi ya shata isishuke chini ya 1/50 ya sekunde, na kwa kamera ya sensa ndogo anzia 1/80. Mimi huongeza mara mbili, mikono yangu naijua. Ndani ya boti ya kuvuka Lindi kwenda Kitunda usiegemeze kiwiko ubaoni. Mtetemo wa injini utaupeleka wote kwenye kamera.

Kama ukuta umetoka safi ila mchezaji kafutika, huyo kacheza, na kiimarishi cha lenzi hakimsaidii: chenyewe hutuliza mikono yako tu. Kwa ngoma ya sindimba naanzia 1/500 na fokasi ya kufuata, AF-C. Ukumbi ukiwa na giza, pandisha ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga) hadi 3200 bila woga. Hakuna mama wa harusi aliyewahi kunirudishia picha kwa ajili ya chenga kidogo, vile vipunje vya ISO ya juu, lakini sura iliyofutika watakuja nayo ukoo mzima.

Picha nzima ikiwa na utando wa maziwa, angalia kioo cha lenzi. Upepo wa pwani ya Shangani na Msimbati una chumvi. Ukitoka kwenye gari lenye kiyoyozi, iache kamera ndani ya begi lililofungwa hadi ipate joto la nje, la sivyo lenzi itatokwa jasho. Mulika tochi ndani yake pia: nyuzi kama za buibui ni kuvu. Na saa saba mchana, joto likipanda kwenye mchanga hewa hutetemeka, na lenzi ndefu haitatoa kitu. Sogea karibu au njoo asubuhi.

Programu ya kawaida ya kuongeza ukali hukoleza kingo zilizokuwepo tu. Kope ambayo haikunaswa haiwezi kuizaa.

Bado unaishuku lenzi? Bandika kurasa za gazeti ukutani, zinyooke. Kamera iwe kwenye stendi, iukabili ukuta moja kwa moja, f/8, kiimarishi kimezimwa, kipima muda sekunde 2. Kuza pembe zote nne. Pembe zote zikilegea kidogo kwa usawa, hiyo ni kawaida kwa lenzi nyingi. Upande wa kushoto ukisomeka na wa kulia ukawa ukungu, rudia mara moja uhakikishe kamera haikukaa mshazari. Majibu yakiwa yaleyale, kuna kioo kimehama ndani. Hiyo ni kazi ya fundi.