Kabla ya kuchagua React, angalia simu ya mteja

Vijana wa Bukavu mnaotengenezea maduka programu za wavuti, anzieni kwenye simu ya mteja. Mama wa mtaa wa Kadutu ananunua mega kidogo kidogo. Ukurasa wa React, maktaba ya kujengea skrini za wavuti, usipoandaliwa kwenye seva, unamshushia kwanza furushi la JavaScript (msimbo unaoendeshwa na kivinjari) kabla hajaona hata bei moja ya unga. Haki hiyo?

Kwa stoku na ankara mimi nachukua Django (ya Python) au Laravel (ya PHP), mifumo ya kutengenezea programu za wavuti: seva inaandaa HTML, yaani ukurasa wenyewe, simu inaonyesha tu. Django, iliyotoka mwaka 2005, inakuja na ukurasa wa usimamizi tayari, hivyo mwenye duka anaanza kuingiza bidhaa mapema sana. Kwa kanzidata, yaani hifadhi ya data, SQLite inatosha kuanzia. Ni faili moja; jioni unafunga programu, unalinakili kwenye flashi. Wakianza kuandika watu wengi kwa wakati mmoja, hamia PostgreSQL, kanzidata kubwa zaidi. React ibaki kwa skrini zinazobadilika kila mara, kama mazungumzo ya moja kwa moja.

Pimeni wenyewe ukurasa unachukua muda gani: kwenye Chrome ya kompyuta bonyeza F12, fungua kichupo cha Network, kwenye menyu ya kasi chagua 3G, pakia ukurasa upya. Na nyaraka za Django zishusheni mapema, zinasomeka bila intaneti.