Jinsi ya kuhesabu antibaiotiki na maambukizi ya wodini kwa siku moja

Hospitali zetu nyingi hazina mfumo wa kompyuta wa kumfuatilia kila mgonjwa kila siku, na kukaa mnausubiri ni kusubiri meli eapoti. Kinachowezekana ni kuchagua siku, kupita wodi nzima, kila mgonjwa anaangaliwa mara moja basi. WHO walitoa mwongozo wa hii kitu 2018 na hauhitaji makubwa, fomu, kalamu na watu wawili watatu wanaoweza kusoma mwandiko wa daktari (hapo ndo pagumu).

Kila kitu kinapimwa kwa saa mbili asubuhi. Aliyekuwa amelazwa saa mbili anahesabiwa, aliyeingia saa nne humhesabu hata kama yuko kitandani anakutazama. Dawa nazo hivyo hivyo, unaandika ile ambayo saa mbili ilikuwa bado inaendelea, kama imeanzishwa kwenye raundi ya saa tatu iache. Wodi moja iishe siku hiyo hiyo, ukimalizia kesho unakuta mtu kahamishiwa wodi nyingine na huko anahesabiwa tena.

Halafu hesabuni watu, sio vitanda. Wamelala mzungu wa nne? Hao ni wawili. Wa godoro la chini naye yumo, na wodi ya wazazi kichanga aliyezaliwa kabla ya saa mbili ana nafasi yake. Na wasio na antibaiotiki yoyote lazima wahesabiwe, hawa ndo husahaulika kuliko wote, sasa bila wao asilimia utaipataje? Tuseme wodi ina wagonjwa 40 na 26 wako kwenye antibaiotiki, hiyo ni 65%.

Kwa kila dawa andika jina, dozi, mara ngapi kwa siku, mshipa au mdomo, na sababu. Sababu ichukue kwenye faili, na kama haijaandikwa basi jaza "haijaandikwa", usianze kumkisia daktari, maana hilo pengo lenyewe ni jibu mlilokuja kulitafuta. Chukua mfano wa mama aliyefanyiwa operesheni ya uzazi Jumanne, Alhamisi bado anachomwa ceftriaxone na Flagyl ya drip (zote antibaiotiki), hana homa, kidonda kikavu, faili limeandikwa "endelea". Huyu hana maambukizi, ni kinga ya operesheni (antibaiotiki ya kuzuia maambukizi yasitokee) iliyopitiliza siku moja, na ndo mnapaswa kumwandika hivyo. Kwa kinga ya operesheni angalia saa 24 kabla ya ile saa mbili, uandike kama ilikuwa dozi moja, dozi kadhaa ndani ya siku moja, au zaidi ya siku. Ndo maana wodi ya upasuaji msiiendee Jumatatu, wikiendi operesheni za kupangwa huwa hakuna na mtaona picha ya uongo.

Maambukizi ya hospitali ni yale ambayo dalili zimeanza siku ya tatu au baadaye, siku ya kulazwa ikiwa ya kwanza. Aliyekuja na nimonia yake toka nyumbani, hayo msiyahesabu kuwa ya hospitali. Kidonda cha operesheni kina hesabu yake, siku 30, au 90 kama kuna chuma kimewekwa ndani, kwa hiyo aliyeruhusiwa akarudi na usaha anaingia hata kama leo ndo siku yake ya kwanza kulazwa. Andika pia kanula, katheta na mashine ya kupumulia na tarehe vilipowekwa, na kama kalcha (kipimo cha kuotesha vijidudu maabara) ilichukuliwa au la. Kalcha nyingi hamtazikuta, semeni tu ukweli.

Mkimaliza, zigaweni dawa kwa makundi ya WHO yanayoitwa AWaRe. Ceftriaxone iko Watch, kundi la dawa za kutumia kwa uangalifu, kwa hiyo wodi inayoishi kwa ceftriaxone itaonekana mapema tu. Lengo la dunia lililokubaliwa Umoja wa Mataifa 2024 ni angalau 70% ya matumizi yatoke kundi la Access, yaani dawa za kuanza nazo, ifikapo 2030.

Majibu yarudi wodini wiki hiyo hiyo, karatasi moja, kwa inchaji na madaktari wa pale, majina ya waandikaji dawa yasiwepo kabisa kwa sababu wakihisi wanawindwa, raundi ijayo mafaili yatajazwa sababu za kubuni usiku wa kuamkia siku yenu. Mkirudia baada ya miezi sita tumieni fomu ile ile na saa mbili ile ile.