Kumpata mtafiti wa ukoo huku Mwanza na kujua kama alichokuletea ni kweli, hatua kwa hatua

Mi kazi yangu ni kutafuta koo za watu Kanda ya Ziwa, na simu ninazopokea sana ni za mtu yupo Dar au Canada anasema nimemlipa jamaa kanitumia mti wa ukoo wa vizazi tisa, naomba uangalie kama ni kweli. Naufungua, majina yamepangwa vizuri, alafu chini hakuna hata mstari mmoja unaosema jina hili limetoka wapi. Mti wa hivo hauna pa kuukagulia. Unachomlipa mtafiti ni uthibitisho kwamba fulani alimzaa fulani, kiungo kwa kiungo, maana majina matupu hata shangazi yako anakupa bure kwa kikombe cha chai.

Hatua ya 1: jua unatafuta nini

Usiseme "nataka kujua ukoo wangu", hilo halina mwisho na hela yako itaisha. Sema nataka kumjua baba wa babu yangu na alitoka kijiji gani kabla ya kuhamia Sengerema, au nataka kuhakikisha mimi na mchumba wangu hatutoki ukoo mmoja. Kama shida yako ni mirathi, nenda kwanza Mahakama ya Mwanzo uulize wanataka nini, mara nyingi wataanza na cheti cha kifo na muhtasari wa kikao cha ukoo, hapo pengine mtafiti humhitaji kabisa.

Hatua ya 2: kusanya cha kwenu kwanza

Vyeti vya ubatizo, vya ndoa, kadi za zamani, ratiba za misiba zenye wasifu wa marehemu, picha zenye maandishi nyuma. Piga picha kwa simu, andika nani kakupa na lini. Mzee mwenye kumbukumbu mrekodi mapema, daftari la parokia litasubiri ila mzee hasubiri. Alafu kitu kimoja unachokijua kwa uhakika na kina karatasi, mfano tarehe ya ndoa ya bibi na babu, kiache pembeni usimwambie mtafiti. Akikuletea chenyewe bila kuambiwa ujue huyu kweli anafungua madaftari.

Hatua ya 3: mhoji kabla hujampa hata mia

Hapa kwetu kazi hii haina leseni wala bodi. Marekani wana bodi ya hiari ya kuwathibitisha watafiti wa nasaba tangu 1964, na Uingereza wana chama chao tangu 1968, ila huyu wa kwako wa Buzuruga hapa Mwanza utampima kwa majibu yake tu. Swali langu kubwa ni moja: kwa familia yangu utaanzia wapi na kwa nini hapo?

Jibu zuri lina sehemu ndani yake. Ukimwambia kwenu ni Wakatoliki wa upande wa Misungwi, anatakiwa akutajie Bukumbi bila kusita, maana Mapadri Weupe walifika pale 1883 na huo ni umisheni wa zamani kuliko mji wenyewe wa Mwanza kuwa kituo cha Wajerumani. Bukoba atakutajia Kashozi, 1892. Ukerewe, Kagunguli. Kama ni watu wa kanisa la AIC (Africa Inland Church) upande wa Magu na Busega ataongelea Nassa. Akiwa mzoefu zaidi atakwambia pia kuna mafaili ya wakoloni Nyaraka za Taifa pale Upanga Dar, kuna karatasi za Hans Cory aliyeandika habari za koo na watemi wa Usukuma, zipo maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na kama mnasema mmetoka ukoo wa utemi basi apite Bujora kwenye makumbusho aone walichonacho kuhusu watemi.

Sasa akikuahidi atakuletea cheti cha kuzaliwa cha babu wa babu yako cha mwaka 1912 kutoka serikalini, muage kwa heshima. Sheria ya kusajili vizazi na vifo ilikuja 1920 chini ya Mwingereza, na Waafrika hawakulazimishwa mpaka baadaye sana, kwaiyo kwa familia nyingi za huku karatasi ya zamani zaidi ni ya kanisani na kabla ya hapo ni midomo ya wazee. Na anayekuahidi matokeo kabla hajaanza, mi simwamini.

Hatua ya 4: pesa na makubaliano

Lipia muda na safari, usilipe kwa idadi ya vizazi. Hili nalisisitiza sana kwa sababu ukisema kila kizazi elfu kadhaa umeshamfundisha mtu kutunga. Kule Marekani kulikuwa na Mswidi mmoja anaitwa Gustave Anjou, alikufa 1942, alikuwa anawatengenezea matajiri nasaba za kughushi zinazowafikisha kwa watu wakubwa wa Ulaya na walimlipa hela nyingi tu, na mpaka leo watu wanaendelea kunakili makosa yake kwenye miti yao bila kujua.

Muandikiane hata ukurasa mmoja: swali ni hili, ataenda sehemu hizi, adivansi kiasi fulani, ripoti ya kwanza lini, na asipopata kitu aandike pia kwamba alitafuta wapi akakosa. Hiyo ya mwisho watu wanaisahau ila ina thamani, la sivyo mwaka kesho utamlipa mwingine afungue kitabu kilekile. Weka nauli peke yake na risiti zake. Sengerema na Geita siku hizi unapita daraja la Kigongo-Busisi tangu 2025, ile ya kusubiri feri haipo tena, ila Ukerewe bado ni meli ya Nansio au kuzunguka Bunda na pantoni ya Kisorya, kwaiyo safari ya Kagunguli kwenda na kurudi siku hiyohiyo usiikubali kirahisi kwenye ripoti.

Hatua ya 5: ripoti imefika, kagua

Hapa ndo penyewe, usiharakishe.

Shika kiungo kimoja kimoja. Mabula mtoto wa Masanja, nani kasema? Kama ni daftari, iwepo picha ya ukurasa mzima, namba ya ubatizo na jina la parokia. Picha ya mstari mmoja uliokatwa haitoshi, maana majirani wa huo mstari wanakwambia mengi. Madaftari ya zamani mengi yana Kilatini, na pembeni kuna maandishi madogo ya kipaimara na ndoa, aliolewa na nani na wapi. Mtafiti aliyeacha hayo maandishi ya pembeni kaacha nusu ya kazi.

Tarehe ya ubatizo usiichukue kama ya kuzaliwa. Utaratibu wa Mapadri Weupe ulikuwa mtu mzima anafundishwa kama miaka minne ndo abatizwe, kwaiyo aliyebatizwa 1910 anaweza kuwa kazaliwa miaka ya 1880 kule, na umri ulioandikwa mara nyingi ni padri kakadiria kwa macho.

Majina sasa. Usukumani Kulwa na Doto ni mapacha wowote, Shija ni yeyote aliyewafuata mapacha, na mjukuu anapewa jina la babu, kwaiyo unapata Masanja Mabula, mwanae Mabula Masanja, mjukuu Masanja Mabula tena, na mtafiti mvivu anawaunganisha babu na mjukuu kuwa mtu mmoja, kizazi kizima kinapotea. Dawa yake ni kudai vitu vitatu vikutane kwa kila mtu: jina la mama, kijiji, na msimamizi wa ubatizo au mke. Jina peke yake halimtambulishi mtu huku kwetu.

Kwa masimulizi, angalia swali lilivyoulizwa. Mzee akisema "baba yangu alikuwa Lukas", inawezekana ni baba mdogo aliyemlea, mtafiti alitakiwa aulize aliyekuzaa ni nani, na yeye wamezaliwa wangapi kwa mama yake. Na wazee wawili wasihesabiwe kama mashahidi wawili kama wote wanarudia wasifu uleule uliosomwa msibani, huyo ni shahidi mmoja. Nataka mzee wa upande wa mke mkubwa na mzee wa upande wa mke mdogo, wamehojiwa mbalimbali, na majina ya waliokufa bila watoto yatajwe pia, maana hao ndo huwa wanadondoka masimulizi yakipita mikono mingi na ukoo unaonekana mfupi kuliko ulivyo.

Miaka ipimwe kwa matukio. Reli ilifika Mwanza 1928, Mwingereza aliuchukua mji kwa Mjerumani Julai 1916, mvua kubwa za 1961 na 1962 zikapandisha ziwa likafukuza watu ufukweni, Operesheni Vijiji miaka ya sabini ikahamisha watu wakaacha makaburi kwenye mahame. "Alikuwa anachunga reli ilipokuja" ni ushahidi mzuri kuliko "alizaliwa 1920" isiyo na chanzo. Alafu piga hesabu za kawaida, mama kazaa akiwa na miaka tisa, baba kafa miaka mitatu kabla ya mtoto kuzaliwa, vitu vya hivo vinaonekana kwa dakika tano ukikaa na kalamu.

Na ushahidi ukigongana, mtafiti mzuri anaandika zote mbili na kusema kwa nini kaegemea huku. Ripoti isiyo na "huenda" hata moja kwa vizazi vya kabla ya wamisionari, mi naitilia shaka.

Hatua ya 6: jaribu mwenyewe

Chagua viungo viwili, kimoja chochote, kingine pale daftari linapoishia na masimulizi yanapoanzia, kwa sababu hapo ndo pa kuunganisha kwa gundi. Nenda au mtume ndugu parokiani na ile namba ya ubatizo, omba kwa adabu siku ambayo ofisi iko wazi. Namba ikikubali endelea kumwamini, ikikataa simamisha malipo yaliyobaki mpaka aeleze kwa maandishi.

Mti uliochukuliwa FamilySearch, ile tovuti ya nasaba, usiuhesabu kama chanzo, ule mti wa pamoja mtu yeyote anaweza kuubadilisha, tumia kama fununu tu. DNA inasaidia kusema hawa wawili ni ndugu wa karibu ila haikutajii jina la babu, na ya kisheria inapitia Mkemia Mkuu wa Serikali chini ya sheria ya 2009, tena kwa maombi ya mahakama, wakili, ustawi wa jamii na wengine waliotajwa, huwezi kujiendea tu.

Ukishapokea ripoti ya mwisho, dai picha zote na rekodi za sauti, zihifadhi sehemu mbili. Kabla hujautupia mti kwenye grupu la WhatsApp la ukoo, toa tarehe za kuzaliwa na namba za walio hai, na waombe ruhusa, sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya 2022 inafanya kazi tangu Mei 2023. Na kama ripoti imegusa mtoto wa nje ambaye mwenyewe hajui, mpigie mzee wa ukoo kwanza, kwa simu, usiandike.