Mtoto wa wakimbizi kaletwa darasani kwako? Anza na dawati, hotuba achana nayo

Walimu wenzangu wa Mbeya na Iringa, najua kuna mtu atasema wakimbizi si wako Kigoma huko kambini Nyarugusu, sisi huku yanatuhusu nini. Yanatuhusu bana. Kwetu wanafika kivingine tu, familia ya Kikongo imeshukia Tunduma ikasogea mdogomdogo mpaka Mwanjelwa, au ni mtoto wa watu wa Katumba na Mishamo kule Katavi ambao babu zao walikimbia Burundi 1972, sasa wazazi wamehamia Mbarali kulima mpunga. Na huyu wa pili ni Mtanzania kama wewe, maana kwenye yale makazi ya zamani watu zaidi ya 160,000 walipewa uraia na vyeti vikaanza kugawiwa 2014, ila uwanjani anaitwa mkimbizi vilevile.

Siku ya kwanza usimsimamishe mbele. Mi nilishafanya hilo kosa, nikasema huyu ni mwenzenu ametoka Kongo kwenye vita, msimwonee, nia yangu njema kabisa, kumbe nimewapa jina la kumwita. Kufika mapumziko kashakuwa "Vita" na likamganda mpaka muhula unaisha. Siku hizi namwingiza kimyakimya kama mtoto aliyehamia kutoka Makambako, jina lake hili, dawati lako lile, tunaendelea na kipindi.

Ishu kubwa ni anakaa na nani. Wengi tunampeleka kwa yule mpole anayeongoza darasa na hapo ndo tunapokosea, yule atamhudumia kama mgonjwa. Mpeleke kwa muongeaji, wa katikati kimasomo, fundi wa mpira au rede, ana marafiki kibao, ukimpata huyo umelipata genge lake lote. Afu wape kazi ambayo mmoja peke yake haimalizi, kitabu kimoja cha wawili, zamu ya usafi huyu ana ndoo huyu ana fagio. Watoto wanazoeana mikono ikiwa na kazi.

Lugha sasa. Mtoto wa Kongo ana Kiswahili chake, atakwambia "niko nakwenda ku masomo" na maana yake ni shule, darasa zima chini kwa kicheko. Usiwakaripie, ukikaripia unamfanya mtoto wa kuogopwa. Mi naandika ubaoni, masomo kwao ni shule, afu nauliza haya wa Rungwe, bibi zenu asante wanasemaje, wanapiga kelele NDAGA, wa Kihehe anatoa kamwene yake ya salamu, yule wa Kirundi anasema urakoze, na mpaka kipindi kinaisha kila mtu ana neno la ajabu kwao, siyo yeye tu.

Madaftari yao yaangalie kwa utulivu. Aliyeanzia shule za Kifaransa, na kambini pia watoto wanafundishwa mtaala wa kwao, anaandika mbili na nusu hivi 2,5 na mkato, saba yake ina kamstari katikati, na kugawanya kwake kigawanyo kinakaa kulia. Ukimpiga mkasi kabla ya kuangalia jibu umemuonea, na wenzie wanashika kwamba huyu mjinga. Mwandiko wao wa kuunganisha mara nyingi ni mzuri ajabu, mpe chaki aandike tarehe ubaoni kila asubuhi uone kama hawatakuja kumuomba awaandikie majina kwenye madaftari.

Utani ndo pagumu. Sisi huku tumekulia kwenye utani, mimi ni Mhehe na ule wa kwamba tunakula mbwa nimeuchoka tangu niko chuo, lakini Mngoni akinitania na mimi namrudishia, na kwenye msiba wangu atakuja. Sasa huyu mtoto anataniwa na darasa zima na yeye hana cha kurudisha, hana mjomba wala kabila la kumjibia, huo siyo utani tena, anaonewa. Kwa hiyo darasani kwangu sheria ni moja, ukimtania mtu lazima na yeye akutanie hapohapo tukisikia. Akishindwa kujibu, aliyeanza anaomba radhi. Wiki 2 za kwanza wanaomba radhi sana, baadae huyo mgeni anaanza kurudisha na anawamaliza. Neno mkimbizi likitumika kama tusi nalikata siku hiyohiyo, na kipindi cha historia nawapa kazi ya nyumbani wakaulize babu alizaliwa wapi. Hapo unakuta wa Kinga kutoka Makete, wengine mababu walifuata dhahabu ya Lupa kule Chunya, na Wangoni wenyewe walitoka kusini kabisa wakikimbia vita vya Shaka, mfalme wa Wazulu. Insha ya "siku nisiyoisahau" iahirishe lakini, huyu atakuandikia kitu ambacho huna pa kukipeleka.

Sweta usisahau. Mtoto katoka Katavi kwenye joto, mwezi wa 6 Uyole anatetemeka mpaka kalamu haishikiki, anajikunyata peke yake kona ya darasa wewe unadhani ana kiburi. Ongea na wazazi wenye sweta zilizowabana watoto wao, zimfikie nyumbani, siyo mstarini.

Mzazi akija kusema mwanangu asikae na mkimbizi, msikilize, mpe kiti, usimhamishe mtu. Sheria ya Mtoto ya 2009, kifungu cha 5, imekataza kumbagua mtoto na ukimbizi umetajwa humo kabisa. Mambo ya vibali mwachie mwalimu mkuu, mtoto asiulizwe mbele ya wenzie.

Utajuaje imekubali? Mi nilijulia kwenye karatasi ya monita. Nimerudi kutoka ofisini nakuta majina ya wapiga kelele, yule wa Kongo namba 1, jirani yake wa dawati namba 2, na monita kaongezea pembeni "wamezidi". Nikawapa adhabu ya kumwagilia maua, wakaenda wanamwagiana maji.