Somo: Phrasal verbs za "put", na mahali pa kuweka "it"

Kiswahili kikitaka maana mpya hubadili mkia wa kitenzi: funga, fungua, fungia. Kiingereza hukiacha kitenzi kilivyo, kisha hukifuatishia neno dogo: off, on, out, up. Muungano huo ndio phrasal verb, na kujua maana ya "put" peke yake hakukusaidii sana kuikisia.

Hatua ya 1. Soma sentensi nzima kabla ya kukimbilia kamusi.

They put off the meeting. Waliahirisha mkutano.
She put on her coat. Alivaa koti lake.
He put out the fire. Aliuzima moto.
I can't put up with this noise. Siwezi kuzivumilia kelele hizi.

Usichanganye put off na call off. Mkutano wa put off utafanyika siku nyingine; wa call off umefutwa.

Hatua ya 2. Angalia yambwa, yaani kinachotendwa, inakaa wapi. Tutulie hapa kidogo, maana wengi maana wanaijua ila mpangilio unawaangusha.

Yambwa ikiwa nomino, una uhuru: put off the meeting au put the meeting off. Ikiwa kiwakilishi kama it, them au her, sharti ikae katikati: put it off. "Put off it" ni kosa, hata kama utaeleweka.

Lakini si zote zinazopasuliwa. Look after, kutunza, haikubali: look after her, kamwe si "look her after". Put up with nayo ni hivyo hivyo: put up with it. Sikio litakusaidia: kwenye put it off mkazo huangukia off.

Hatua ya 3. Daftarini andika sentensi zenye "it" au "them" ndani yake. Orodha ndefu za A hadi Z mimi sizipendi. Zinajaza daftari tu.

MASWALI

Swali: Mwalimu, "up" ina maana gani hasa? Naiona kila mahali.
Jibu: Haina maana moja. Mara nyingi huongeza wazo la kumaliza kabisa: eat up (kula chote), use up (kutumia chote). Lakini give up ni kuacha au kukata tamaa, na turn up ni kutokea mahali, au kuongeza sauti ya redio.

Swali: Fill in a form au fill out a form?
Jibu: Zote sawa, zote ni kujaza fomu. Marekani husema zaidi fill out, Uingereza fill in.

Swali: Kwenye barua rasmi zinafaa?
Jibu: Baadhi. Carry out, kutekeleza, haina shida. Badala ya put off andika postpone, na badala ya put up with andika tolerate.

Swali: Mbona take off ni kuvua na pia ni ndege kuruka?
Jibu: Tazama yambwa. Take off your shoes inayo, kwa hiyo take them off. The plane took off haina, basi hakuna cha kuweka katikati.