Kujua waya unaopoteza umeme kwa kupima volti na omu

Jiko la uani liko mita 30 kutoka swichi kuu. Birika la umeme linachelewa kuchemka na plagi inakuwa ya moto. Kabla ya kununua birika jipya, chukua mita ya kupimia umeme. Kanuni ni mbili: volti ukizigawa kwa ampea unapata ukinzani kwa omu; ukizizidisha unapata nguvu kwa wati.

Anza na birika. Likiandikwa wati 2000 kwa volti 230, linavuta 2000 ÷ 230 = ampea 8.7, na ukinzani wake ni 230 ÷ 8.7 = omu 26.4. Lichomoe, bonyeza swichi yake, weka mita kwenye omu, kisha gusa pini mbili bapa za chini za plagi. Ikisoma karibu na 26, birika ni zima. Usipime omu kamwe kwenye kitu chenye umeme. Wala usiweke mita kwenye ampea ukaitia kwenye soketi: hapo huwa kama kipande cha waya, waya wa moto (unaoleta umeme) unakutana na wa nyutro (unaourudisha) moja kwa moja.

Sasa weka mita kwenye volti, upime soketi pacha (yenye matundu ya plagi mbili). Tuseme bila mzigo inasoma volti 228, na birika likiwaka upande wa pili inashuka hadi 212. Huna klampu, mita inayoshika waya kwa nje na kusoma ampea? Gawa 212 kwa 26.4, upate ampea 8. Mwenye klampu ashike waya mmoja tu; akishika yote miwili, mkondo wa kwenda na wa kurudi hufutana, mita ikasoma sifuri.

Zimepotea volti 16. Ukinzani wa njia ni 16 ÷ 8 = omu 2, na joto ni 16 × 8 = wati 128. Birika linabakiwa na 212 × 8 = wati 1696.

Lakini pima pia kwenye swichi kuu, birika likiwa linawaka. Kama na pale volti zimeshuka, toa kiasi hicho kwanza kwenye zile 16. Hiyo ni hitilafu ya kabla ya nyumba yako, na ni kazi ya ZECO, shirika la umeme la Zanzibar.

Kama pale hazikushuka, tafuta mahali penyewe. Waya wa shaba wa milimita 1 ya mraba una omu 0.0172 kwa mita. Wa 1.5, mita 60 kwenda na kurudi, ni 0.0172 × 60 ÷ 1.5 = omu 0.69. Basi omu 1.3 ziko kwenye maungio. Zidisha 8 × 8 × 1.3: wati 83 zinatoka penye skrubu moja au mbili. Yuniti zinazopotea si nyingi. Balaa ni plastiki kuyeyuka na moto kushika makuti.

Zima swichi kuu, hakikisha kwa mita, ndipo ufungue soketi na maboksi ya maungio. Kwa nyumba za pwani, Nungwi au Paje, chumvi hugeuza shaba kuwa ya kijani. Kuisugua hakutoshi: kata mpaka ufikie shaba inayong'aa, ifunge kwa konekta, si kusokota na kuzungushia tepu. Soketi iliyolegea ibadilishe. Kisha pima tena: volti zinazopotea ziwe karibu na 6. Ukiweka waya wa 2.5, zitakuwa kama 3.5.

Hesabu hii usiifanye kwa pampu au friji. Mota haifuati ukinzani peke yake, na volti mara ampea hutoa wati nyingi kuliko zinazotumika kweli.