Namna ya Kugawana Muda wa Malezi Baada ya Wazazi Kutengana

Wazazi wengi wanaotengana hapa Nairobi huanza kwa kubishana ni nani atakayebaki na mtoto, ilhali sheria huanza kwa kuuliza ni mpango gani utakaomfaa mtoto mwenyewe. Kifungu cha 53 cha Katiba ya 2010 kinasema kuwa baba na mama wana wajibu sawa wa kumtunza mtoto, wawe wameoana au hawakuoana, na kwamba maslahi ya mtoto ndiyo yanayotangulia. Sheria ya Watoto ya 2022, iliyochukua nafasi ya ile ya 2001, inafuata msingi huo huo.

Ikiwa bado mnaweza kuketi pamoja, andikeni mkataba wa majukumu ya wazazi, na muuandike kwa siku, saa na mahali. Kusema tu kwamba baba "atamwona mtoto wikendi" ni kukaribisha ugomvi. Semeni kwamba atamchukua Ijumaa saa 11 jioni langoni mwa shule na kumrudisha Jumapili saa 9 alasiri nyumbani kwa mama. Ikiwa mmoja anaishi Umoja na mwenzake Rongai, ihesabuni foleni ya Jumapili jioni, kwa sababu mtoto wa darasa la pili anayeshuka matatu saa 3 usiku akiwa amelala begani mwa mzazi hawezi kuamka vyema Jumatatu. Gawaneni pia likizo za Aprili, Agosti na mwisho wa mwaka, pamoja na Krismasi au Idi, kwa zamu.

Vitu vidogo navyo viandikwe. Mpwa wangu alikuwa akienda shuleni Jumatatu bila sweta, kwani ilikuwa imebaki kwa baba yake, na kila wiki wazazi walilaumiana kwenye simu huku mtoto akisikiliza. Waliponunua sweta ya pili, lawama hizo zilikoma.

Mkishindwa kuelewana, nendeni kwa afisa wa watoto wa kaunti ndogo yenu, ambaye anaweza kuwaita nyote wawili na kuwasaidia kufikia makubaliano. Hilo lisipofaulu, ombi hupelekwa katika Mahakama ya Watoto, ambayo kwa wakazi wengi wa Nairobi ni ile ya Milimani. Hakimu anaweza kuagiza ripoti ya afisa wa watoto kuhusu hali ya kila nyumba, na huzingatia umri wa mtoto, shule yake, ndugu zake, na maoni yake mwenyewe kwa kadiri ya ukomavu wake. Palipo na historia ya kupigwa au kutishwa, elezeni mahakama waziwazi, kwa kuwa inaweza kuagiza mtoto aonane na mzazi aliyefanya hivyo chini ya uangalizi tu.

Jambo ninaloliona likiwaumiza watoto zaidi ni kufanya matunzo na kuonana kuwa bidhaa za kubadilishana. Mama asimfiche mtoto kwa sababu karo haijalipwa, wala baba asizuie karo kwa sababu amenyimwa wikendi. Kila kosa lina njia yake mahakamani, na anayekaidi amri anaweza kuadhibiwa. Tunzeni risiti na ujumbe wa simu. Hali ikibadilika, kwa mfano mzazi akihamishwa kikazi hadi Kisumu, rudini kuomba amri irekebishwe kabla ya mtoto kuhamishwa.